Maji Kwenye Mstari wa Arobaini na Moja

Padri wetu, wakubwa wa kazi, majirani wa Panda, jamaa mliotoka Kapolowe, na wewe Mama Simone uliyekubali kukaa mbele pamoja nasi, familia imenituma mimi Julie, mtoto wa kwanza wa marehemu, niwasomee maisha ya baba yetu Symphorien Kabuya, na kabla sijataja siku aliyozaliwa nisome kwanza jambo ambalo yeye mwenyewe aliamuru litangulie, kwa sababu miaka yote ya kazi yake alifundisha kwamba neno linaloweza kuokoa mtu halingojeshwi nyuma ya maneno mengine. Jambo lenyewe ni hili. Rubani Adolphe, mume wa Mama Simone, aliyefariki tarehe 14 Oktoba 1974 ndege yake ilipoanguka karibu na Kapolowe, hakukosa. Ripoti iliyosema kwamba alikosa ilitiwa sahihi na baba yetu, na baba yetu alijua kwamba haikuwa kweli.

Sasa naanza mwanzo.

Symphorien Kabuya alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 katika kambi ya wafanyakazi ya Panda, mji huu ukiwa bado unaitwa Jadotville, mtoto wa kwanza wa Mathieu Kabuya, aliyeletwa kutoka Kasai kuja kufanya kazi kwenye tanuru, na wa Élise Mbuyi, aliyemfuata mumewe kwa treni mwaka mmoja baadaye, akiwa na chungu, jembe, na anwani iliyoandikwa kwenye kipande cha kartoni. Symphorien ni jina la ubatizo, na tangu mwaka 1972, serikali ilipotuambia tuyaache majina hayo, lilibaki jina la nyumbani na la kanisani, kwa hiyo leo hapa kanisani tunalitaja.

Alisoma shule ya msingi hapa Panda kuanzia 1945 hadi 1951, kisha shule ya ufundi kuanzia 1952, akapata cheti cha umakanika tarehe 30 Juni 1956, na mwalimu wake aliandika chini ya cheti hicho kwamba kijana huyu ana mikono mizuri na maswali mengi. Mnamo Januari 1957 aliajiriwa karakana ya kiwanda cha shaba, akakaa huko miaka minne, mpaka zile siku za 1961 ambazo wazee waliomo humu wanazikumbuka, watu wenye asili ya Kasai walipokuwa wanahesabiwa nyumba kwa nyumba ili wafukuzwe, ndipo akafunga nguo zake, akavuka mpaka kwa miguu na kufika Ndola. Huko alianza kwa kufagia karakana ya ndege, baada ya miaka miwili akawa msaidizi wa fundi, na Kiingereza alijifunza ndani ya vitabu vya kutengenezea injini, Kiingereza kisichojua kuomba chai wala kusalimia wakwe, lakini kilichojua kufungua injini na kuifunga tena bila kubakiza nati mezani.

Huko Ndola, tarehe 24 Aprili 1965, alifunga ndoa na Bibiane Mwape, binti wa jamaa ya Kapolowe, na Mungu akawapa watoto wanne, mimi niliyezaliwa Ndola tarehe 2 Juni 1966, Joachim aliyezaliwa hapa Likasi mwaka 1969, Martine mwaka 1972 na Clémentine mwaka 1976. Agosti 1967 walirudi nyumbani, na tarehe 4 Septemba mwaka huohuo baba aliingia katika kampuni ndogo ya ndege iliyokuwa inabeba vipuri, barua na wagonjwa kati ya migodi, akawa fundi, na tangu 1971 mkuu wa zamu, kwa sababu vitabu vya ndege zile vilikuwa vya Kiingereza na pale uwanjani hakukuwa na mwingine aliyeweza kuvisoma.

Hapa ndipo historia hii inapokuwa nzito, na baba aliagiza tusiipunguze uzito.

Wote mliofanya kazi katika ofisi za miaka ile mnajua namna waraka ulivyoandikwa. Haukuanza na kazi. Ulianza na salamu za Chama tawala, ukafuata na vyeo vya wakubwa kwa utaratibu wao, ukafuata na shukrani kwa kila ngazi, kisha na Kifaransa kirefu cha kuonyesha kwamba mwandishi alisoma, na mtu aliyeandika kwa ufupi alionekana hana adabu, au ana jambo moyoni. Waraka ulizungushwa kazini, na kila mfanyakazi alitia sahihi nyuma kwamba ameusoma, na wengi wetu tulijifunza kutia sahihi nyuma bila kumaliza mbele.

Tarehe 2 Septemba 1974 ilifika barua ya Kiingereza kutoka kwa watengenezaji wa ndege, nayo ilisema kwamba vizibo vipya vya matangi ya mafuta vinaweza kupitisha maji ya mvua, na kwamba baada ya mvua haitoshi kufungua sehemu moja ya kutolea maji chini ya bawa na kuona mafuta safi, ni lazima kufungua sehemu zote nne, kutikisa mabawa, kungoja, na kufungua tena. Hata hiyo barua ilisema hayo kwa sentensi moja ya mistari tisa, yenye maneno ya kuzungukana kama "usipokuwa hujakosa kuhakikisha" ndani yake. Ofisi iliitafsiri kwa Kifaransa, ikaivalisha salamu na vyeo, ikawa kurasa mbili na mistari arobaini na sita, na baadaye baba aliihesabu kwa kidole, salamu na vyeo viliisha mstari wa ishirini na tisa, na neno maji lilitokea mara ya kwanza kwenye mstari wa arobaini na moja, upande wa nyuma. Jumamosi tarehe 7 Septemba mafundi waliletewa waraka huo saa sita mchana, mazoezi ya nyimbo za Chama yakiwa yanawangoja uwanjani, na aliyekosa mazoezi aliandikwa jina. Stanislas, fundi kijana wa zamu ya baba, alitia sahihi. Baba yetu, mkuu wake, aliyepaswa kulinganisha tafsiri na Kiingereza, alisoma ukurasa wa kwanza na kutia sahihi.

Jumapili tarehe 13 Oktoba mvua ya kwanza ilinyesha. Jumatatu asubuhi Stanislas alifungua sehemu moja, kama walivyozoea, akaona mafuta safi. Rubani Adolphe alipanda na abiria wawili, fundi mmoja na mama mmoja mgonjwa, akachungulia dirishani na kumwuliza baba, "Grand Kabuya, byote iko bien?" na baba akamjibu, "Iko bien, enda na uturudilie mbio, weye unapendaka kutembea." Adolphe akacheka. Saa moja na dakika kumi ndege iliondoka, na baada ya robo saa injini zote mbili zilizimika, na Adolphe, aliyeweza kuchagua kichaka kilichokuwa karibu naye, alivuta ndege mpaka kwenye udongo laini wa mashamba yaliyolimwa upande wa Kapolowe, akaiweka chini kwa tumbo, na abiria wote wawili wakatoka wazima, na yeye hakutoka.

Uchunguzi ulifunguliwa wiki iliyofuata. Wakubwa walikuwa na waraka wenye sahihi, basi kwao shauri lilikuwa jepesi, fundi aliambiwa na hakufanya, na barabara ya Buluo sote tunajua inaishia kwenye geti la gereza. Stanislas alikuwa na miaka ishirini na sita. Baba alisimama kwenye kikao hicho, akageuza waraka juu ya meza na kuonyesha mstari wa arobaini na moja, akasema, "Na minye nilisinye. Minye njo mukubwa wake, na Kiingereza ninasikia. Kama munafunga, muanzie kwangu." Akaendelea kusema kwamba onyo la hatari lazima liwe mstari wa kwanza, peke yake, kwa maneno ambayo fundi anayatumia akiwa amelala chini ya bawa.

Mkurugenzi wa wakati ule akamwuliza polepole, "Citoyen Kabuya, weye unasema salamu ya Chama njo iliangusha ndeke?"

Walikuwepo watu kumi na wawili wa kushuhudia jibu lake. Swali lile halikuwa la ndege tena, lilikuwa la kumtega aonekane adui wa Chama. Alijibu, "Hapana, citoyen. Mayi njo iliangusha ndeke. Lakini karatashi yetu ilifika ku mayi wakati bote tulishaka kuchoka."

Alisimamishwa kazi siku hiyohiyo. Kwa miezi mitano kila Jumatatu aliitwa kwenye ofisi moja ya mjini, akakaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka jioni, siku nyingine bila kuulizwa neno, siku nyingine akiulizwa alifundishwa nini kule Ndola na nani alimtuma kudharau Chama. Sisi nyumbani tulijua hatua zake barabarani, mama alikuwa anazima redio ili azisikie. Na katika miezi ile, akiwa hana kazi, aliichukua ile barua ya Kiingereza, akaikatakata, akaiandika upya kwa Kiswahili chetu cha Panda, sentensi moja kazi moja, kazi kwanza na sababu baadaye. Kila sentensi aliijaribu kwa mama, ambaye hajawahi kugusa ndege. Alimpa karatasi na kumwambia, "Soma, Bibiane, na uniambie mikono yako itafanya nini." Siku ya kwanza mama, akiwa anapika ugali, alisoma na kujibu, "Mikono yangu itatupa hii karatashi mu moto, bukari iive mbio." Baba alicheka mpaka akakaa chini, kisha akafuta sentensi ile, kwa sababu alisema mama ana haki, sentensi ambayo mikono haijui ifanye nini nayo ni kuni.

Ijumaa tarehe 21 Machi 1975 aliitwa kwa mkurugenzi, na mezani palikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ripoti, nayo ilisema kwamba rubani alikosa kukagua mafuta yake. Ya pili ilikuwa karatasi ya baba mwenyewe, ile ya maji, iliyochukuliwa siku moja kutoka mfukoni mwake kwenye lile benchi. Mkurugenzi alimwambia maneno ambayo baba aliyabeba miaka kumi na minne, "Papa Kabuya, bantu bale balikufa habafungwe. Adolphe alishaka kufa, hakuna kitu itamufikia. Stanislas iko muzima. Sinye, na kijana abakie kwake, na hii karatashi yako tutaibandika ku mulango ya hangari. Usiposinye, unajua barabara." Na kuhusu salamu za Chama walikubaliana kwamba zipewe ukurasa wao peke yao, wenye fremu, kwa heshima, na onyo libaki kwenye ukurasa mwingine.

Baba alitia sahihi.

Hatukuja hapa kumtetea. Aliweka upande mmoja uhuru wa Stanislas na maisha ya wote watakaopanda ndege zile, upande mwingine jina la rafiki aliyekwisha kufa, akapima, akachagua, na alituambia kwamba kila mwaka mizani ile ilimrudia na kila mwaka haikukaa sawa. Karatasi ilibandikwa tarehe 24 Machi 1975, herufi kubwa, nayo ilisema, MVUA IMENYESHA. TOA MAYI MU MATANGI YOTE INNE. TIKISA MABAWA. NGOJA. TOA TENA. KAMA HAUJATOA, USIWASHE. Hadi leo hakuna ndege ya uwanja ule iliyozimika kwa maji. Na hadi juzi watoto wa Adolphe waliitwa njiani watoto wa yule aliyeangusha ndege.

Aliendelea na kazi miaka kumi na mmoja, akaandika upya maonyo yote ya karakana, moja baada ya jingine, na Juni 1976 aliwaandikia watengenezaji wa ndege ng'ambo, kwa Kiingereza chake cha injini, akawaambia kwamba sisi tunaosoma lugha yao tukiwa mbali tumeivaa kama nguo ya kuazima, ikiwa ndefu tunakanyaga pindo na kuanguka, basi waikate, na kwamba Kiingereza chepesi si Kiingereza cha wajinga, ni Kiingereza cha mtu ambaye injini yake imezimika na hana nafasi ya kusoma mara mbili. Walimjibu baada ya miezi minane. Barua ilikuwa na kurasa mbili, na ukurasa wa kwanza wote ulikuwa shukrani. Baba aliishika akasema, "Kumbe na kule banaanzaka na salamu," na akaandika tena, na tena, barua sita kwa jumla, nasi hatujui kama kuna aliyezisoma mpaka mwisho.

Jumapili baada ya misa, kwa miaka kumi na minne, alipita kwa Mama Simone, akatengeneza paa, akatengeneza bomba, akawatafutia watoto vitabu, na Mama Simone akamshukuru, na kila aliposhukuriwa alirudi nyumbani na kukaa nje peke yake, nasi tulidhani amechoka.

Ugonjwa wa figo ulimwanza mwaka 1985, akaacha kazi tarehe 31 Desemba 1986, na tangu Novemba mwaka jana alilazwa hospitalini hapa Likasi, ambako hata akiwa kitandani alimsumbua muuguzi Émilienne kuhusu karatasi ya dawa, akisema inazungumza na daktari wala haizungumzi na mgonjwa, mpaka Émilienne akaiandika upya kwa mkono wake na kuibandika ukutani. Jumapili tarehe 29 Januari alituita, mama, sisi watoto, na mdogo wake Germain, akatuambia mambo yote haya na kuamuru yasomwe leo, ya Adolphe yakiwa ya kwanza. Baba mdogo Germain alimwambia kaka yake, "Yaya, historia ya marehemu haisemaka mabaya yake." Akajibu, "Basi minye nitakuwa marehemu wa kwanza." Germain akamwambia tena kwamba wakubwa watakuwepo, na kwamba tutakaobaki ni sisi. Baba akasema kwamba hilo ni kweli, na kwamba hawezi kutuamuru tuwe na ujasiri ambao yeye hakuwa nao mwaka 1975, anaweza kutuomba tu. Alifariki Alhamisi tarehe 9 Februari 1989, saa kumi alfajiri, mkono wake ukiwa kwa mama.

Jana familia nzima ilizungumza nyumbani tangu asubuhi, na si wote waliokubali. Jioni tulikwenda kwa Mama Simone, kwa sababu haikuwa haki asikie mara ya kwanza mbele ya watu, tukamwambia yote, tukamwachia yeye aseme kama yasomwe au yazikwe. Alitazama bomba lile ambalo baba alilitengeneza. Kisha akatuambia, "Musome, bantu bote basikie. Nikisikia minye peke yangu, itabakia kama ndoto." Hakutupa mkono wa kuagana, na hatukuuomba.

Kwa hiyo tumesoma, na wakubwa wa kazi mliopo mmesikia, na nakala ya maelezo kuhusu Adolphe, yenye sahihi ya baba ya tarehe 29 Januari, ukurasa mmoja, jina la Adolphe kwenye mstari wa kwanza, iko mikononi mwa Mama Simone tangu jana. Ni yake, afanye nayo anavyoona.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na Émilienne kwa uvumilivu wake, inawashukuru majirani wa Panda waliokesha nasi siku hizi na kuleta unga, makaa na viti, inawashukuru wanakwaya, na wafanyakazi wenzake wa uwanjani waliochimba kaburi kwa mikono yao asubuhi hii. Inamshukuru Stanislas, ambaye leo ni mkuu wa zamu na aliyeomba mwenyewe jina lake lisifichwe, akisema kwamba amekula chakula cha watu huru miaka kumi na minne na anajua nani alikilipia. Wengine tuliowasahau mtusamehe.

Mama Simone, hatukuulizi kitu leo, na hatutakuuliza kesho.

Papa Symphorien, hapa ingenipasa kukuambia pumzika kwa amani, na watoto wako tunakutakia hivyo kwa moyo wote, lakini wewe ulitufundisha tusitie sahihi kwa niaba ya mwingine, na amani hii si yetu peke yetu kukupa. Pumzika, Papa. Amani tutakuombea.